Somo la Kompyuta: Jumla Moja, Karatasi Mbili

Ndugu wanakamati, tuseme kamati ya maji ya Enguserosambu inaandikia wafadhili taarifa. Michango imo ndani ya Excel, barua imo ndani ya Word. Mhazini akisahihisha jedwali akasahau barua, mfadhili atasoma jumla mbili, naye ataanza kujiuliza fedha zimekwenda wapi.

Mwaka 1987 Microsoft ilileta njia iitwayo DDE. Word hutaja mambo matatu: programu yenye takwimu, faili, na kisanduku, kwa mfano R4C2, yaani mstari wa 4, safu ya 2. Jumla ikibadilika katika Excel, barua nayo hubadilika, mradi programu zote mbili ziwe zimefunguliwa.

Kwa bahati mbaya, wahalifu waliitumia njia hiyohiyo kuwasha programu haribifu kwa barua za Word. Desemba 2017 Microsoft ikaizima ndani ya Word. Basi, barua usiyoijua ikikuuliza kama ichukue data kutoka faili nyingine, jibu Hapana.

Kwa taarifa fupi kama yetu, mimi naona heri kunakili jumla kwa mkono. Mjumbe wa pili alinganishe karatasi zote mbili kabla mwenyekiti hajatia sahihi.