Mume wangu anataka tuuze kiwanja akarushe ndege milimani

Shangazi, Nina miaka 29, mume wangu 32, ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya. Tuna mtoto mmoja. Siku hizi halali, anakesha na video za ndege ndogo zinazotua kwenye milima ya Papua, kule Indonesia, kwenye viwanja vya majani vilivyoinama kama paa la nyumba. Sasa anasema ataacha kazi akasomee urubani, na tuuze kiwanja chetu cha Uyole kulipia ada. Nikikataa nitaitwa mke aliyemzuia mumewe. Nikikubali naiona njaa, au ujane. Nifanyeje?
Mama B., Mbeya

Kwanza tulia, mwanangu, mumeo hajarukwa na akili. Kazi hiyo ipo na kuna watu wamezeeka nayo. Papua kuna vijiji ambavyo barabara haijafika mpaka leo. Chumvi, mabati, mwalimu na mama mwenye uchungu, wote husubiri ndege ya injini moja. MAF, shirika la kimisheni lililoanza mwaka 1945, hurusha ndege huko, na hata jirani zetu wa Bunia, mashariki ya Kongo, wanazijua ndege zake.

Ila hizo video humwonyesha dakika moja ya kutua. Hesabu iliyofanyika kabla ya hapo haionekani. Hewa ya milimani ni nyepesi: bawa halibebi vizuri, injini inapungukiwa nguvu, na jua likipanda hali inazidi kuwa mbaya. Kwa mfano, uwanja wa Lukla, Nepal, uko mita 2,845 juu ya usawa wa bahari na njia yake ya kurukia ina mita 527 tu. Unatua ukipanda mlima, unaruka ukiteremkia bondeni, na ukishakaribia kutua hakuna kughairi. Ndiyo maana kwenye kazi hii abiria hupandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake, na uzito ukizidi, gunia la mtu linabaki. Asubuhi rubani huinama chini ya bawa, akakinga mafuta kidogo kwenye kichupa kiangavu na kukiinua kwenye mwanga aone kama yana maji. Lazima aruke mapema, maana kufika saa tano mawingu huwa yameanza kufunga mabonde.

Sasa nikuulize wewe unayeishi naye. Mkiwa njiani kwenda Tukuyu na ukungu ukashuka, mumeo hupaki pembeni, au hukaza mwendo kwa sababu wakwe wanasubiri? Akikosea hesabu kazini, husema mwenyewe au hungoja aulizwe? Rubani wa milimani anaweza kumkuta mgonjwa amelazwa kando ya uwanja, ndugu wanalia, bonde limezibwa na wingu, na akatakiwa kusema leo hatuendi. Marubani hodari wamekufa kwa kuingia kwenye bonde jembamba wakitumaini litafunguka mbele, wakakosa nafasi ya kugeuzia. Kama mumeo ni wa kukaza mwendo, mwambie wazi, na umwambie kwamba ni mimi niliyekutuma.

Hatari nyingine hazina uhusiano na hali ya hewa. Februari 2023 rubani raia wa New Zealand alitekwa na wapiganaji mara tu baada ya kutua kwenye uwanja mmoja wa Papua. Aliachiwa Septemba 2024.

Tuje kwenye kiwanja. Kisiuzwe sasa. Mumeo aanze na kipimo cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Watapima moyo, masikio na macho, na watamfungulia kitabu cha nukta za rangi. Mtu anaweza kufika miaka 32 asijue kwamba hatofautishi nyekundu na kijani. Miwani peke yake haimzuii. Akifaulu, alipie somo moja tu la majaribio hewani, maana wengine hurudi wametapika na ndoto inaishia hapo. Kisha leseni ya urubani binafsi, ambayo huhitaji kama saa 40 za kuruka, kwa akiba yake na kwa likizo, akiwa bado mhasibu.

Leseni ya urubani wa biashara inataka saa zipatazo 200, na gharama yake huweza kuvuka shilingi milioni mia. Hata akiipata, hakuna atakayemkabidhi mlima. Atafundisha wanafunzi, au apeleke watalii Serengeti kwa ndege ndogo ya Caravan miaka kadhaa akikusanya saa, na hiyo ni kama kazi itapatikana. Wapo wenye leseni wamekaa nyumbani. Tena kwenye mashirika ya kimisheni, marubani wengi hujitafutia wafadhili wao makanisani. Hilo muulize mapema, maana mhasibu hawezi kulikwepa swali la fedha.

Mimi nina wasiwasi mmoja: huenda hiyo milima haipendi kivile, anaikimbia ile ofisi. Kama ni hivyo, kubadili mwajiri ni nafuu sana kuliko kununua urubani.

Akipita kwa daktari na bado anaitaka, kaeni wawili na karatasi, mwandike nyumba itakaa miezi mingapi bila mshahara wake. Na siku ya kuuza kiwanja ikifika, bila sahihi yako kisiuzwe.