Dondoo muhimu: Shokapu ya usukani kwenye Land Cruiser ya zamani

Toyota ilipoitoa Land Cruiser ya familia ya 70 mwaka 1984, gari za kazi zilikuwa na springi za mabamba mbele. Mwaka 1999 zikaingia za koili, na mpangilio wa ekseli ukabadilika. Kwa hiyo shokapu ya usukani ya toleo jipya haifungwi kwenye gari la zamani kwa kukisia.

Fundi makini huanza na futi kamba: anapima shokapu ikiwa imesukumwa ndani yote, kisha ikiwa imevutwa yote, halafu tundu la bushi na unene wa boliti. Akishaifunga, anazungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, magurudumu yakiwa hewani. Kinachopaswa kuuzuia ni stopa za ekseli. Ukizuiwa na shokapu, fimbo yake itapinda, na dereva anaweza kukosa kona. Hili si la kupuuza hata kidogo!

Shokapu ya gesi hujisukuma nje, hivyo huweza kuvuta usukani upande mmoja.

Kama usukani unatetemeka, tairodi endi, beringi na balansi ya matairi zikaguliwe kwanza, maana shokapu ngumu huficha ulegevu. Gurudumu lililoinuliwa hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, kazi ianzie kwenye beringi.