Herufi Moja Katika Damu

Twataka katika somo hili kueleza jinsi mwili uifasirivyo hati uliyoirithi, na jinsi herufi moja tu iwezavyo kuleta maradhi yanayojulikana sana pwani, na hata katika nyumba za watu wa pwani waliohamia bara, mfano wa Elburgon.

Ndani ya kiini cha seli mna utepe uitwao DNA, wenye herufi nne: A, T, G na C. Utepe huu hautoki kiinini, kama hati asili ya shamba isivyotolewa kashani. Hunakiliwa, na nuskha yake, iitwayo RNA, ndiyo itokayo. Nayo huandika U mahali pa T. Huko nje hupokewa na ribosomu, ambayo ndiyo mfasiri. Mfasiri huyu husoma herufi tatutatu, na kila tatu ni neno. Maneno ni 64: 61 hutaja asidi amino, ambazo aina zake ni 20 tu, na 3 huamuru kukoma. Kila neno lisomwapo, asidi yake huletwa na kuungwa na iliyotangulia, kama shanga katika uzi. Uzi ukitimia hujikunja ukawa protini.

Himoglobini, ichukuayo oksijeni katika damu, ni protini. Katika uzi wake mmoja, neno la sita ni GAG. Kwa baadhi ya watu neno hilo ni GUG, na ribosomu hutia valini mahali pa asidi ya glutamiki. Mfasiri hakukosea, amefasiri yaliyoandikwa. Lakini aliyerithi hati hiyo kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndio ugonjwa wa selimundu.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii. Aliona hati hii ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akabainisha sababu: aliyerithi hati moja tu huwa mzima, na hukingwa na malaria kali. Elburgon ni juu na baridi, mbu wa malaria ni wachache. Lakini hati haibadiliki kwa kuhama. Bali baridi yaweza kumwamshia mgonjwa maumivu, basi mtoto huyo avishwe nguo nzito na anywe maji kwa wingi.

Wazazi wote wawili wakiwa na hati moja moja, katika kila mimba kuna nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi si haki kumlaumu mama peke yake, wala kusingizia uchawi. Lipasalo ni wachumba kupimwa damu kabla ya kuoana, si kwa kuvunja posa, bali ili waingie nyumbani mwao wakijua.