Si kwa Maziwa Peke Yake

Mtoto mchanga humshikilia mama yake kwa sababu gani? Wengi watajibu upesi: kwa sababu ya maziwa. Ndivyo walivyofundisha hata wataalamu wengi wa elimu ya nafsi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtoto ana njaa, mama humlisha, na hivyo mtoto hujifunza kumpenda. Mwaka 1928 Bwana John B. Watson wa Marekani, mtu mwenye sifa kubwa, alitoa kitabu cha malezi akiwaonya wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata. Asubuhi yatosha kuwapa mkono, kana kwamba ni wageni. Heri mtoto ambaye mama yake hakupata kukisoma!

Aliyeipima fikira hiyo ni Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alichukua watoto wa kima wa jamii ya resusi, akawatenga na mama zao saa chache baada ya kuzaliwa, akawawekea mama wawili wa bandia. Mmoja alikuwa wa waya mtupu. Wa pili alikuwa gogo lililovikwa sponji na kitambaa laini cha taulo. Nusu ya watoto walipata chupa ya maziwa kifuani pa mama wa waya, nusu kwa mama wa kitambaa. Kama upendo ungetokana na chakula, kila mtoto angemshikilia yule amnyonyeshaye. Sivyo ilivyokuwa. Hata wale walionyonya kwenye waya, wakisha kushiba walirudi kwenye kitambaa, na huko wakakaa saa 15 na zaidi kila siku. Walipotokezewa na dubu wa bandia apigaye ngoma, walikimbilia kitambaa, wakajibana nacho. Kisha hofu ikawatoka, hata wakageuka kumtazama yule dubu. Habari hizo Harlow alizitangaza mwaka 1958.

Wanaosimulia kisa hiki kwa kawaida huishia hapo, lakini yaliyofuata ndiyo mazito. Kima hao walipokua ilionekana wazi kwamba kitambaa hakikutosha. Hawakujua kuishi na wenzao. Na baadhi ya majike, walipozaa, waliwapuuza watoto wao au waliwauma, hata wengine wakawaua. Kima wengine Harlow aliwafungia peke yao kabisa, miezi 3, miezi 6, hata mwaka mzima. Hao walikaa pembeni mwa kizimba, wakijikumbatia wenyewe na kuyumbayumba. Elimu tumeipata, lakini tusisite kusema kwamba ulikuwa ukatili. Faraja ni moja: mwaka 1972 Harlow na mwenzake Stephen Suomi walieleza kwamba waliotengwa miezi 6 walipona kwa sehemu kubwa walipowekwa pamoja na kima wadogo kuliko wao, wa miezi 3, ambao waliwaendea na kuwang'ang'ania bila kuwaogopa.

Wala haikuwa lazima kumtenga yeyote na mama yake ili kujifunza jambo hili. Mwaka 1954 na 1955 Bibi Mary Ainsworth alikuwa akizuru nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, pamoja na mkalimani. Kila majuma mawili alikaa na akina mama saa mbili hivi, akiwatazama watoto wao: nani amlilia nani, nani atambaa kumfuata nani, nani atulizwa na nani. Mama walikuwa 26, watoto 28. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Katika watoto hao aliwahesabu 16 waliotulia kweli, yaani waliolia kidogo na kuthubutu kumwacha mama kitambo, wakachunguze vitu, wajuavyo kwamba wakirudi watamkuta. Na mama za watoto hao, aliona, ndio hasa walioweza kumweleza kinaganaga mambo madogo madogo ya watoto wao, bila kuchoka kuulizwa.