Mafunzo Niliyopata kwa Kumvusha Mjomba Barabara

Mjomba ana mtoto wa jicho, jicho la kulia, nami ndiye ninayemvusha barabara hapa Mkuyuni. Hulalamika kuwa bodaboda zinazotokea kulia humfikia kabla hajazitegemea, ilhali anaziona. Katika kuuliza na kusoma nimejifunza haya.

1. Tunaonea kisogoni. Jicho hupokea mwanga. Habari zake husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi nyuma ya ubongo. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, walionyesha kwamba huko ziko seli zinazopokea habari kutoka macho yote mawili.

2. Jicho lenye ukungu huchelewa. Mwanga ukififia, habari hutoka jichoni kwa kuchelewa milisekunde kadhaa. Ni kidogo mno, lakini pikipiki ya kilomita 50 kwa saa husogea sentimita 14 hivi katika milisekunde 10.

3. Ubongo husoma kuchelewa kama umbali. Jicho la kushoto la mjomba linaona pikipiki ilipo. La kulia linaona ilipokuwa. Kwa kuwa ubongo hupima umbali kwa tofauti ya picha za macho mawili, kinachopita kutoka kulia kwenda kushoto humwonekea kiko mbali kuliko kilivyo. Mjerumani Carl Pulfrich alilieleza jambo hili mwaka 1922. Yeye mwenyewe hakuweza kuliona, maana jicho lake moja lilikuwa limepofuka.

4. Jaribu nyumbani. Ning'iniza nati kwa uzi wa nyavu, mtu aibembeze kulia na kushoto mbele yako. Fumbua macho yote, moja liangalie kupitia kioo cha miwani ya jua. Nati itaonekana inazunguka, ikija na kurudi. Hamishia kioo jicho la pili, mzunguko utageuka. Wadogo zangu waliinyang'anyana ile miwani, kila mmoja akidhani mwenzake anamtania.

5. Ubao wa herufi wa kupimia macho hausemi yote. Herufi zimetulia, na husomwa kwa jicho moja moja. Kliniki nilimweleza daktari habari za bodaboda. Akasema wakati mjomba akisubiri upasuaji, kioo chenye giza kidogo kwenye jicho lile zima kinaweza kusaidia mchana, kwa kulichelewesha nalo. Basi mzee wako akianza kuogopa barabara, usimuulize tu kama anaona. Muulize anavyokiona kinachopita, kisha umfikishie daktari jibu lake.