Saa Moja Nje ya Seli: Michezo na Maisha ya Wanawake Walio Gerezani

Ukitaja michezo ya wanawake na magereza kwa pamoja, wakazi wengi watakumbuka timu ya voliboli ya Kenya Prisons. Wana sababu. Timu hiyo ya wanawake imewahi kuwa bingwa wa vilabu barani Afrika mara kadhaa, ikiwemo 2011, 2012 na 2013, na imetoa wachezaji wengi wa timu ya taifa, Malkia Strikers. Catherine Ndereba, aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mara nne na kuwa bingwa wa dunia 2003 na 2007, naye alilelewa kimichezo katika Idara ya Magereza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mabingwa hao walipewa kazi, makocha, uwanja na muda wa mazoezi. Lakini tukumbuke kwamba wote hao ni maafisa wa magereza, si wafungwa. Ndani ya ukuta huohuo wamo wanawake wengine: waliohukumiwa, walio rumande wakisubiri kesi, na baadhi yao wakiwa na watoto wachanga. Somo la toleo hili linawahusu hao. Wameahidiwa nini na sheria? Nani anapaswa kutimiza ahadi hiyo? Na wewe mkazi unaweza kufanya nini?

Sheria inasema nini

Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyezuiliwa, awe mfungwa au mahabusu, anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kutekelezwa kwa sababu amezuiliwa. Maana yake ni rahisi. Mahakama ikimfunga mtu, inamnyang'anya uhuru wa kwenda atakako. Haimnyang'anyi afya, utu wala heshima.

Kifungu hichohicho kililitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha watu hao wanatendewa kwa ubinadamu, kwa kuzingatia mikataba ya kimataifa ya haki za binadamu. Sheria hiyo ilipitishwa 2014, nayo inagusa malazi, chakula, mavazi na matibabu.

Katika viwango vya kimataifa, kuna kanuni mbili ambazo kila mkazi anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015. Kanuni ya 23 inasema kila mfungwa asiyefanya kazi ya nje apate angalau saa moja kila siku ya mazoezi mahali pa wazi, hali ya hewa ikiruhusu. Inaongeza kwamba pawe na nafasi na vifaa vya mazoezi.

Ya pili ni Kanuni za Bangkok za 2010, zilizoandikwa mahususi kwa ajili ya wanawake walio gerezani. Zinataka wanawake wawe na ratiba kamili ya shughuli inayozingatia mahitaji yao. Kanuni ya 5 inataka wapewe sodo bila malipo na wawe na maji ya kutosha wakati wote, hasa wajawazito, wanaonyonyesha na walio katika hedhi.

Kwa nini sodo na maji vitajwe katika somo la michezo? Kwa sababu hapo ndipo michezo ya wanawake inapoanzia.

Mpira hautangulii

Chukulia mfano wa mama muuza mboga. Amepatikana na pombe haramu, ametozwa faini, amekosa pesa za kulipa, na sasa anatumikia kifungo cha miezi kadhaa. Ana mtoto wa mwaka mmoja. Sheria ya Kenya inaruhusu mtoto aliye chini ya miaka minne kukaa na mamake gerezani, kwa hivyo wameingia wote wawili.

Mfadhili akileta mipira kumi ya voliboli, mama huyu atacheza? Kwanza, nani atamshika mtoto kwa hiyo saa moja? Pili, akiwa katika hedhi na hana sodo, atatoka vipi mbele ya wenzake? Tatu, akitoka jasho na maji ni ndoo moja kwa watu wengi, ataoga kwa nini? Nne, akiwa ananyonyesha na chakula hakitoshi, nguvu ya kukimbia ataitoa wapi?

Ndiyo maana haifai kutenganisha sera ya michezo na hali ya maisha. Mpira bila maji, sodo, chakula na mlezi wa mtoto ni picha ya gazeti tu. Siku mgeni rasmi anapoondoka, mpira unafungiwa stoo.

Tunalijua jambo hili kutoka shuleni. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili serikali itoe sodo bila malipo kwa wasichana waliobaleghe walio shuleni. Bunge lilikubali kwamba msichana asiye na sodo hukosa masomo. Mwanamke aliye gerezani asiye na sodo naye hukosa mazoezi, hukosa darasa la ushonaji, na hukosa hata kuketi kwa amani.

Nani anawajibika?

Hapa wakazi wengi huchanganyikiwa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali mbili.

Serikali ya kitaifa ndiyo yenye magereza. Chakula, malazi, maafisa na usalama wa gereza viko chini yake. Pia inashughulikia ukuzaji wa michezo kitaifa na elimu ya michezo. Sheria ya Michezo ya 2013 ndiyo inayosimamia mashirikisho na vilabu.

Serikali ya kaunti ina viwanja na shughuli za michezo katika eneo lake, huduma za afya za kaunti, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, pamoja na huduma za maji.

Soma tena orodha ya kaunti. Maji, afya, malezi ya watoto, michezo. Ni mambo yaleyale yanayomzuia yule mama kutoka seli kwa saa moja. Hata hivyo kaunti haiwezi kuamka tu na kujenga kiwanja ndani ya gereza. Gereza si mali yake, na fedha za kaunti haziwezi kutumika kwa kazi ya serikali ya kitaifa bila makubaliano. Lakini Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali hizi mbili zishirikiane, na sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi kati yao. Kwa hivyo jibu la "hiyo si kazi yetu" likitolewa na upande wowote ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni swali: tumeandikiana makubaliano gani?

"Na binti zetu shuleni je?"

Swali hili huulizwa katika mabaraza, na ni la haki. Kuna shule nyingi ambazo wasichana hawana hata nyavu ya netiboli. Kwa nini mfungwa afikiriwe?

Jibu la kwanza: si wote walio gerezani ni wahalifu. Aliye rumande hajahukumiwa, na Katiba inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Jibu la pili: wengi wao watarudi. Watarudi katika wadi zetu, masoko yetu na nyumba zetu. Mama akirudi na afya mbovu na akili iliyovurugika, wa kwanza kuumia ni watoto wake, kisha jamaa zake, kisha zahanati ya kijiji.

Jibu la tatu: gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Unaingia katika ua wa kawaida, hauhitaji nyasi wala saruji, na wachezaji sita kila upande wanatosha. Wavu wa wanawake huwekwa urefu wa mita 2.24. Makocha tayari wapo, kwa sababu Idara ya Magereza yenyewe ina maafisa wanaoujua mchezo huu kuliko wengi wetu. Kinachopungua ni ratiba inayofuatwa, maji, sodo na mtu wa kuwaangalia watoto.

Binti wa shule na mama wa gerezani hawagombanii mpira mmoja. Wote wawili hukosa uwanja kwa sababu ileile: wakati wa kupanga bajeti, hakuna aliyeuliza michezo ya wanawake imetengewa kiasi gani.

Mkazi anaweza kufanya nini?

1. Uliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Uliza kaunti: kuna makubaliano gani na gereza la eneo letu kuhusu afya, maji, chekechea na michezo?

2. Hudhuria vikao vya bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Ukisubiri hadi Juni, umechelewa. Omba fungu la michezo lionyeshe ni kiasi gani kinawafikia wanawake na wasichana.

3. Tumia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Kamati hii hukutanisha mahakama, polisi, magereza, maafisa wa probesheni na wawakilishi wa jamii. Ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu msongamano, na kuhusu wanawake waliofungwa kwa kukosa faini ndogo. Tangu 1998 kuna sheria ya kutumikia jamii badala ya kifungo, kwa makosa yanayostahili kifungo cha miaka mitatu au chini. Seli yenye watu wachache ndiyo mwanzo wa hali bora.

4. Kama wewe ni mwanachama wa klabu au chama cha wanawake, mwandikie msimamizi wa gereza kabla ya kupeleka msaada. Muulize wanahitaji nini kwanza. Huenda akakuambia sodo, sabuni au tangi la maji, si mipira. Mpe anachohitaji.

5. Ukisikia malalamiko ya mateso au kunyimwa matibabu, yapeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya. Usiyaache yaishie sokoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Je, gereza la wanawake lililo karibu nasi liko umbali gani, na jamaa hutumia nauli kiasi gani kumtembelea mtu wao?

Katika wadi yetu, uwanja wa michezo una choo na maji ambayo msichana anaweza kuyatumia?

Kama saa moja ya mazoezi kwa siku ni kiwango cha chini kwa mfungwa, binti zetu shuleni wanapata saa ngapi kwa wiki?

Jadilini, andikeni majibu, na myapeleke kwa mwakilishi wa wadi yenu kabla ya vikao vya mpango wa mwaka ujao.