Uchunguzi wa Anga na Istilahi za Sayari katika Shule za Msingi

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania tangu 1967. Kwa hiyo wanafunzi walio wengi huanza kujifunza habari za nyota kwa istilahi za Kiswahili. Makala haya yanajadili istilahi za sayari na kuonyesha kwamba uchunguzi wa anga wa mara kwa mara ni njia ya kuzielewa na pia ya kuzisahihisha.

2.0 Mkanganyiko wa Majina

Sayari tano huonekana bila darubini: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya yana asili ya Kiarabu. Uranus na Neptune ziligunduliwa kwa darubini, mwaka 1781 na 1846, hivyo falaki ya kale haikuwa na majina yake. Baadhi ya orodha zilizofundishwa shuleni ziliziba pengo hilo kwa kuhamisha majina: Mshtarii ikaitwa Sumbula, Zohali ikaitwa Sarateni, jina la Zohali likapewa Uranus, na Neptune ikaitwa Kausi. Katika falaki, Sumbula, Sarateni na Kausi ni buruji, yaani makundi ya nyota: Suke, Kaa na Upinde.

Yawezekana kudai kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa nasibu, hivyo jina lolote lafaa. Hoja hiyo haitoshi, kwani majina hayo tayari yana maana katika lugha hiyo hiyo. Mtoto anayefundishwa kuwa Zohali ni sayari ya saba huamini kwamba haionekani kwa macho, ilhali huenda usiku huo huo inang'aa juu ya paa la kwao.

3.0 Uchunguzi Darasani

Yafaa kuanza na mwezi, ambao kila siku husogea kuelekea mashariki kati ya nyota kwa zaidi ya upana wa ngumi, mkono ukinyooshwa. Kisha, katika kipupwe, Juni hadi Agosti, wanafunzi huchora mara moja kwa wiki, saa ile ile na mahali pale pale, sayari inayoonekana jioni mwaka huo pamoja na nyota zilizo jirani. Jioni za miezi hiyo huonekana pia Nge, na Kausi kando yake.

Baada ya miezi miwili au mitatu michoro hudhihirisha kwamba nyota za Kausi hazikuachana, bali sayari imehama kati ya nyota. Hapo mwanafunzi hung'amua mambo mawili: kwamba sayari imepata jina lake kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kwenda, na kwamba Kausi haiwezi kuwa sayari.

4.0 Hitimisho

Usanifishaji wa istilahi haukamiliki kwa kukubaliwa na wataalamu pekee. Istilahi ya kitu kinachoonekana haina budi kupimwa pia kwa macho ya anayefundishwa. Inapendekezwa kwamba majina matano ya asili yabakizwe mahali pake, na Uranus na Neptune ziitwe kwa majina yake ya kimataifa.